Unataka kupima mafanikio ya wahitimu? Modeli isubiri kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa wahitimu, iwe ni tasnifu yako au umeajiriwa kitengo cha data chuoni, naomba msikimbilie modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayotabiri nani atafanikiwa. Najua hamu ilivyo, una faili limejaa GPA, kozi, jinsia, na safu moja imeandikwa "ana kazi / hana kazi", unataka ubonyeze tu yatoke majibu. Tulia kidogo. Hapo unapima mafanikio gani, na nani kasema ndo mafanikio?

Toka enzi za mwanasosholojia Everett Hughes, mwaka 1937, wanaosoma mambo ya kazi wanatenganisha pande mbili: kinachoonekana kwa nje kama mshahara na cheo, halafu vile mtu mwenyewe anavyoiona njia aliyopita. Upande wa pili una maswali matano ya mtafiti Greenhaus na wenzake ya 1990, yanayopima mtu anavyoridhika na njia yake ya kazi, ni mafupi, yanajazwa haraka, sioni sababu ya kutoyatumia. Na msidhani pande hizi zinatembea pamoja, mtafiti Ng na wenzake 2005 walijumlisha tafiti nyingi wakakuta mshahara na kuridhika vinahusiana kwa kiasi tu, tena hata vinavyotabiri ni tofauti, elimu na uzoefu vinagusa zaidi mshahara, tabia ya mtu inagusa zaidi kuridhika. Sasa ukichukua mshahara peke yake ukauita mafanikio, yule aliyechagua kazi ya kipato kidogo anayoipenda umeshamwandika kafeli bila kumuuliza.

Halafu muda. Uingereza walikuwa wanawauliza wahitimu miezi 6 baada ya kumaliza, baadaye wakasogeza mpaka miezi 15, na walikuwa na sababu, miezi 6 mtu bado anatafuta au kashika kibarua cha kujikimu tu. Mwaka wa kuhitimu nao ni lazima uingie kwenye data yako. Oreopoulos, von Wachter na Heisz (2012) waliwafuatilia wahitimu wa Kanada wakaona waliotoka chuo uchumi ukiwa umedorora walianza na kipato cha chini kwa kama asilimia 9, na pengo likachukua kama miaka 10 kuisha. Hao hawakuwa wazembe, walitoka mwaka mbaya basi. Ukiwachanganya na wa mwaka mzuri bila kutenganisha, modeli itamlaumu mtu kwa kosa la uchumi.

Kwenye GPA ndo watu wanabishana sana. Roth na wenzake 1996 walikuta uhusiano wa alama za chuo na utendaji kazini ni 0.16 kama ilivyo kwenye data (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe inakuja chini ya asilimia 3, yaani alama zinaeleza sehemu hiyo tu ya tofauti za utendaji kati ya watu. Walipofanya masahihisho ya kitakwimu ikapanda ikawa 0.3 na kitu, na hapa elewa vizuri maana mtaulizwa kwenye utetezi wa tasnifu: sababu moja ni kwamba waajiri wengi wanachuja kwa alama, wenye alama za chini hawaajiriwi, hivyo hawamo kwenye data ya wafanyakazi, uhusiano unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Pia unapungua kadri miaka inavyopita toka kuhitimu. Kwa hiyo anayesema GPA haina maana kakosea, na anayesema GPA inaamua maisha kakosea zaidi.

Wanaojibu dodoso nao mara nyingi ni wale mambo yamewanyookea, aliyekaa nyumbani hana hamu ya kuulizwa. Tengeni bajeti ya kuwapigia simu wasiojibu, hata wachache, mlinganishe majibu. Mshahara ripotini namba ya katikati (ukiipanga yote toka mdogo mpaka mkubwa, ule unaokaa katikati), msiripoti wastani peke yake, maana wachache wenye hela nyingi wanauvuta juu.

Na mkishafika kwenye modeli, kama wahitimu 90 kwa 100 wana kazi, modeli inayosema "wote watapata" itakuwa sahihi asilimia 90 na haijajua kitu, haijamgundua hata mmoja anayehitaji msaada, kwa hiyo angalia imewakamata wangapi kati ya wale 10. Mkuu wa idara akiomba orodha ya majina ya "watakaofeli maisha", mwambie wazi namba hizi zinasema kitu kuhusu kundi, kwa mtu mmoja mmoja zinakosea sana, orodha itumike kupanga nani apewe nafasi ya mafunzo kazini na ushauri mapema, isitumike kumnyima mtu kozi.