Nyota ya Kaa haijafifia, na hakuna wa kuisafisha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa tarehe 5 Julai, kwa hiyo nyota yangu ni Kaa. Fundi mmoja wa nyota aliniambia siku yangu ya kuzaliwa nitoke nje usiku niitafute. Nikiikosa, basi imefungwa na watu. Nilitoka saa tatu, na huku kwetu Morogoro vijijini hakuna taa. Nge niliiona wazi kabisa, Kaa sikuiona. Sasa anataka laki moja na nusu aisafishe. Je, nyota inaweza kufifia? Na Kaa naipataje?

JIBU: Marahaba. Nianze na pesa: usimpe hata mia.

Hukuiona Kaa kwa sababu ilikuwa imeshazama. Mwanzoni mwa Julai Jua lipo jirani na kundi hilo, kwa hiyo linachomoza asubuhi muda mfupi baada ya Jua, linapita juu mchana kweupe, na giza likishaingia vizuri linakuwa linamalizikia magharibi. Saa tatu usiku hakuna aliye Morogoro anayeweza kuliona, awe na bahati au mkosi.

Barua za namna hii nazipata mfululizo, na kinachoniudhi zaidi ni dhana iliyo chini yake: kwamba siku ya kuzaliwa ndiyo siku ambayo nyota ya mtu inang'aa. Ni kinyume kabisa. Buruji, yaani nyota ya kuzaliwa kama Kaa au Nge, huhesabiwa kwa mahali Jua lilipo, hivyo majira ya kuzaliwa kwako ndiyo mabaya kuliko yote kwa kuitazama buruji yako. Wewe umeiona Nge kwa sababu si yako. Wa Nge akitoka nje Novemba, naye ataikosa. Huyo fundi amekupa mtihani ambao kila mtu lazima aufeli, kisha anakuuzia dawa yake.

Halafu kuna jambo ambalo hatakwambia. Tarehe 5 Julai Jua halipo hata ndani ya Kaa, lipo Mapacha. Linaingia Kaa karibu na tarehe 20 Julai na kutoka karibu na tarehe 10 Agosti, kwa mipaka ya makundinyota 88 ambayo wanafalaki, yaani wataalamu wa nyota, wa dunia waliikubali karibu na mwaka 1930. Mhimili wa Dunia unayumba polepole kama pia ya kuchezea watoto inayozunguka, mzunguko mmoja ukichukua takriban miaka 26,000. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Jua la Juni, linapofika mwisho wake wa kaskazini, lilikuwa Kaa, na ndipo lilipotoka jina la Tropiki ya Kansa unalolikumbuka kwenye jiografia. Leo siku hiyo Jua lipo Ng'ombe, mpakani na Mapacha. Tarehe za kwenye magazeti hazikuufuata mwendo huo.

Kuhusu kufifia: Kaa, ambayo wazee wa falaki wa pwani huiita Saratani, ni hafifu kwa kila mtu, tangu zamani. Ptolemy, mwanafalaki wa kale, aliziorodhesha nyota zake kule Alexandria katika karne ya 2, na tayari zilikuwa hafifu. Nyota yake kali kuliko zote, Tarf, inazidiwa mwanga karibu mara 9 na Pollux ya Mapacha iliyo jirani. Wala Kaa si kitu kimoja cha kufungwa. Ni nyota zilizo mbali mbali sana, nyingine miaka ya nuru 130 na ushee kutoka kwetu (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), nyingine karibu 300, ambazo kwa macho yetu zinaonekana ziko pamoja.

Sasa itafute Februari, kabla masika hayajaleta mawingu, usiku usio na mwezi, kati ya saa nne na saa sita. Zima simu na ukae gizani nusu saa nzima macho yazoee. Elekea kaskazini, tazama juu, kama theluthi mbili za njia kutoka upeo hadi utosini. Chini kushoto kuna nyota mbili kali zilizokaribiana, Castor na Pollux. Juu kulia kuna Regulus ya Simba. Anzia Pollux kuelekea Regulus, nyoosha mkono na upime upana wa ngumi moja na nusu. Hapo utaona ukungu mdogo. Usiukodolee, tazama pembeni yake kidogo, utatokeza wenyewe. Kama ndani ya Kaa unaona nyota kali inayotulia bila kumetameta, hiyo ni sayari inapita.

Ukungu huo ni moyo wa Kaa. Galileo, mwanafalaki wa Italia, alipouelekezea darubini yake alikuta nyota zaidi ya 40, akaandika hivyo mwaka 1610. Sasa tunajua ziko takriban 1,000, zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi, umbali wa karibu miaka ya nuru 600. Darubini ndogo ya macho mawili inatosha kukuonyesha makumi yake, na kwa kweli ni mandhari ya kumwita kila mtu nyumbani aje aone. Wagiriki wa kale waliutumia kubashiri dhoruba, na walikuwa na sababu: wingu jembamba la juu huuficha ukungu huu kabla nyota kali hazijaguswa. Ukitoweka, umejifunza kitu kuhusu hewa iliyo juu yako, basi.

Wengine wote mnaoona matangazo ya kusafisha nyota kwenye nguzo za umeme, au mnaotumiwa meseji za kurudisha nyota iliyoibiwa: mwanga mnaouona kwenye ukungu wa Kaa uliondoka huko karne kadhaa kabla ya babu zenu kuzaliwa. Hakuna moshi wala kombe litakaloufikia. Hata wale wa mtandaoni wanaouza cheti cha nyota yenye jina lako ni walewale. Chama cha kimataifa cha wanafalaki, ndicho kinachotambua majina, hakiuzi jina kwa mtu yeyote. Na kama mmeshatanguliza fedha, msiongeze "ya kumalizia". Tunzeni meseji za huyo fundi na kumbukumbu za miamala, mzipeleke polisi.