Kupanga wachezaji wa Rockies kwa msimu mzima

Umeuliza kama wastani wa kupiga unatosha kuwapanga wachezaji wa Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Marekani, baada ya mechi 162 za msimu. Hautoshi, na kwa Rockies unapotosha zaidi: uwanja wao wa Denver uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira huruka mbali, hivyo namba za wapigaji hupanda.

Kwa wapigaji tumia OPS+, kipimo cha kufika kituoni na nguvu ya kupiga, ambayo imesahihishwa kwa uwanja. 100 ndiyo wastani wa ligi. Kisha panga kikosi chote kwa WAR, kadirio la ushindi ambao mchezaji ameongeza kuliko mbadala wa bei nafuu. Chukua WAR ya FanGraphs na ya Baseball-Reference, tovuti mbili za takwimu za besiboli, uzijumlishe, ugawanye kwa mbili. Kwa warushaji hutofautiana sana, kwa sababu FanGraphs hutazama zaidi wanaotolewa bila kugusa mpira, matembezi ya bure (mpigaji kupewa kituo cha kwanza baada ya mirusho minne mibovu) na mipira inayovuka uzio, ilhali Baseball-Reference huanzia mikimbio ambayo mrushaji ameruhusu.

Tafadhali usimweke mwenye WAR ya 2.3 juu ya mwenye 2.0 kwa namba hiyo pekee. Pengo hilo ni dogo mno. Hapo angalia ulinzi na mechi alizocheza. Warushaji wa akiba wapange peke yao, maana raundi zao chache huishusha WAR. Aliyehamia katikati ya msimu, hesabu mechi alizoichezea Rockies tu.