Wale tuliowafungua umewaweka wapi?

Jedwali langu la kwanza lilipendeza mno. Nilikuwa nimepitia majalada mia moja na kitu ya wagonjwa waliotolewa mfuko wa nyongo, nikawagawa makundi mawili: waliofanyiwa kwa kamera kupitia matundu madogo na waliopasuliwa tumbo. Wa matundu waliruhusiwa mapema, vidonda vyao havikutunga usaha, damu iliyopotea ilikuwa kidogo. Nikalichapa, nikampelekea sista aliyekuwa akitunza rejista ya thieta anihakikishie idadi. Akavaa miwani, akapitisha kidole taratibu kwenye safu, kisha akaniuliza: "Dokta, wale tulioanza na kamera halafu tukawafungua, umewaweka wapi?"

Nilikuwa nimewaweka kwenye kundi la waliopasuliwa. Kwa akili yangu ya wakati ule, tumbo likishafunguliwa limefunguliwa.

Wewe unayeanza utafiti wa kulinganisha njia hizi mbili, kaa na swali hilo kabla hujagusa takwimu zozote. Mgonjwa anayeanza na kamera akaishia kufunguliwa ndiye mara nyingi mwenye mfuko uliovimba na kugandamana na utumbo, au aliyevuja damu, au ambaye daktari alishindwa kuona mrija wa nyongo uko wapi. Ukimhamishia upande wa pili, umewapunguzia wa matundu mzigo wao mzito kuliko yote, ukawatwika wenzao wasiohusika. Mgonjwa anahesabiwa kwenye njia aliyopangiwa tangu mwanzo, hata kama alimalizwa kwa njia nyingine. Utafiti wa COST kuhusu saratani ya utumbo mpana, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuwa na wagonjwa 872, na asilimia 21 ya waliopangiwa matundu ilibidi wafunguliwe. Walibaki kwenye kundi lao. Mmoja kati ya watano! Fikiria jedwali lingesemaje kama wangetolewa kimyakimya.

Nilipolirekebisha jedwali langu, faida ya matundu ilibaki, ila ilikonda.

Safu ya pili ambayo wanaoanza huisahau ni ya aliyeshika vifaa. Mwaka 1985 Erich Mühe wa Ujerumani alitoa mfuko wa nyongo kwa kamera, na wenzake wakambeza. Miaka michache baadaye njia hiyo ilikuwa imeenea kote, kabla ya majaribio ya kulinganisha kupata nafasi ya kufanyika. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walioungana kama Southern Surgeons Club walichapisha taarifa za wagonjwa 1,518. Mirija ya nyongo iliyojeruhiwa ilikuwa 7, na ukiishia hapo utasema ni kidogo. Walipotenganisha wagonjwa 13 wa mwanzo wa kila timu na waliofuata, ikaonekana wale wa mwanzo waliumia kwa asilimia 2.2, waliofuata asilimia 0.1. Upasuaji ni ule ule, mikono ndiyo ilikuwa haijazoea. Kwa hiyo usiandike tu "daktari bingwa". Andika ni upasuaji wake wa ngapi wa aina hiyo. Ndiyo, utaonekana mchokozi kwa wakubwa zako. Uliza kwa adabu, ila uliza.

Sasa niseme kuhusu siku za kulazwa, maana hapa ndipo karibu kila mtu anapoanzia. Namba zake ni rahisi kupatikana: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, unatoa hii kwenye ile. Na karibu kila mara matundu hushinda. Lakini nani huamua mgonjwa aende nyumbani? Ni daktari anayepita wodini asubuhi, ambaye tayari anaamini kuwa wa matundu hupona haraka. Muuguzi anaamini hivyo, hata mgonjwa ameambiwa hivyo. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti kutoka Sheffield, Uingereza, wa wagonjwa 200 wa mfuko wa nyongo, nusu kwa matundu na nusu kwa mkato mdogo wa kawaida. Walipangwa kwa bahati nasibu wakiwa tayari thieta. Kisha walifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: wote walifungwa bandeji za aina moja, zinazofanana kabisa, ili mgonjwa na wanaomhudumia wodini wasijue ni tumbo la aina gani lililo chini yake. Siku za kulazwa zikatoka sawa, usiku 3 katika kila kundi kwa mgonjwa wa katikati, yaani anayeangukia katikati ukiwapanga kuanzia aliyelala siku chache hadi aliyelala nyingi. Muda wa thieta ndio uliotofautiana, na wa matundu ulikuwa mrefu zaidi.

Nilipousoma mara ya kwanza nilikasirika, kwa sababu nilikuwa mfuasi wa kamera (na bado ni mfuasi). Nikatafuta kasoro. Niliyoipata ni kwamba hawakulinganisha na ule mkato mrefu wa zamani, hivyo haukanushi kila kitu kinachosemwa juu ya matundu. Lakini bandeji zile hazinitoki kichwani. Kila ninaposoma makala inayojivunia siku za kulazwa, naangalia kwanza kama aliyemruhusu mgonjwa alijua amefanyiwa nini. Kama alijua, zile siku zimepima na imani yake pia. Na ukizipima, usitumie wastani peke yake. Mgonjwa mmoja aliyelala siku 60 kwa kuvuja utumbo huvuta wastani wa kundi zima, kwa hiyo toa na namba ya katikati.

Madhara baada ya upasuaji usiyaite "madogo" na "makubwa" halafu ukaendelea na safari. Makubwa kwa nani? Tumia madaraja ya Clavien na Dindo ya mwaka 2004, yanayopanga madhara kwa tiba iliyohitajika. Homa iliyotulizwa kwa dawa ya kawaida ni daraja la I. Aliyeongezewa damu, II. Aliyetobolewa kutoa usaha bila kulazwa usingizi mzito ni IIIa, aliyerudishwa thieta akalazwa usingizi ni IIIb. Aliyeingia chumba cha mahututi kwa kiungo kushindwa kazi, IV. Aliyefariki, V. Uzuri wake ni kwamba mimi na wewe tukisoma jalada moja, tuna uwezekano mkubwa wa kuandika daraja moja.

Ila jalada lenyewe linajua tu yaliyotokea mgonjwa akiwa kitandani kwako. Maungio ya utumbo yanaweza kuvuja siku kadhaa baada ya upasuaji, na wa matundu anaweza kuwa ameshaondoka. Ngiri kwenye tundu la kamera huja miezi mingi baadaye. Niliwahi kumpigia simu mgonjwa ambaye jalada lake lilifungwa kwa maneno "ameruhusiwa, hali nzuri". Akapokea binti yake. Nikaeleza mimi ni nani, nikauliza anaendeleaje. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mbona alifunguliwa tena hospitali nyingine, wiki ile ile?" Kwenye jedwali langu alikuwa sifuri. Tangu siku hiyo sikubali utafiti wa madhara usiofika siku ya 30, na simu za ufuatiliaji ziombewe kibali cha kamati ya maadili tangu mwanzo, maana huwezi kurudi baadaye na kuzihalalisha. Idadi ya usiowapata uiandike pia, usiwahesabu kama waliopona.

Nikitaja sifuri: ukifanyia wagonjwa 60 na hakuna hata mmoja aliyejeruhiwa mrija wa nyongo, usiandike kwamba njia hiyo ni salama. Kuna hesabu ya haraka, gawa 3 kwa idadi ya wagonjwa. Hapo 3 kwa 60 ni asilimia 5, maana yake sifuri yako bado inaruhusu kiwango halisi kinachokaribia asilimia 5, ambacho kwa jeraha la mrija ni balaa. Na ukitaka kuonyesha kwamba mbinu mpya inapunguza jeraha kutoka asilimia 0.4 hadi 0.2, utahitaji karibu wagonjwa 11,700 kwa kila kundi. Mwanafunzi mwenye miezi sita hana wagonjwa hao. Chagua swali unaloweza kulijibu.

Muda wa upasuaji nao una mtego mdogo: mmoja anaanza kuhesabu mgonjwa anapolazwa usingizi, mwingine kisu kinapogusa ngozi, na anayepasua kwa roboti, mashine inayoshika vifaa huku daktari akiiongoza, pengine hahesabu dakika za kufunga mikono ya mashine hiyo. Andika ulianzia wapi. Na kuhusu roboti, utafiti wa ROLARR wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 471 wa saratani ya puru, ulipata walioishia kufunguliwa asilimia 8.1 kwa roboti na 12.2 kwa matundu ya kawaida. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Usije ukaandika "roboti ilipunguza".

Ukifanyia kazi saratani, kupona haraka si jibu. Mwaka 2018 utafiti wa LACC ulilinganisha matundu na kufungua tumbo kwa wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi katika hatua za mwanzo. Baada ya miaka 4.5, walioishi bila saratani kurudi walikuwa asilimia 86.0 kwa matundu na asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa. Wengi wetu tuliamini kwamba kwa kuwa matundu yalikuwa yamefaulu kwenye saratani ya utumbo mpana, kwenye mlango wa kizazi nako yangefaulu. Ukipima wiki sita tu, utawapongeza wale wale watakaokuja kurudiwa na ugonjwa.

Sista yule, baada ya mimi kulirekebisha jedwali, alipiga mistari kwa rula akaongeza safu tatu kwenye rejista: tulianza na nini, tulimaliza na nini, kwa nini tulibadilisha. Mbili za kwanza hujazwa vizuri. Ya tatu hujazwa neno moja, "ugumu", na ukija baada ya mwezi hakuna anayekumbuka ulikuwa ugumu gani. Kwa hiyo nasimama mlangoni mwa thieta na kalamu, namuuliza daktari kabla hajavua glavu: damu, kugandamana, au hukuona mrija? Hapo hunijibu kwa sentensi nzima. Akishakaa kwenye chai, narudishiwa lile neno moja.