Meno au bila meno? Inategemea unacheza wapi

Mkuu, umeuliza kama viatu vya gofu visivyo na meno kwenye soli vitakutosha viwanja vya Limuru na Nyali. Nyali wakati wa kiangazi, ndiyo. Ardhi ikikauka, vile vipele vya mpira kwenye soli vinashika vizuri, na ukimaliza raundi unaendesha gari navyo hivyohivyo.

Limuru masika ni habari nyingine. Asubuhi nyasi zina umande, miteremko haikosekani, na mguu wa mbele unabeba uzito mwingi unapozungusha fimbo. Mimi niliteleza hapo nikakaa chini, kedi, mbeba fimbo wangu, akageukia pembeni acheke kwa adabu. Chukua vyenye meno laini ya plastiki ya kufungua na kufunga. Ya chuma achana nayo, klabu nyingi zimeyapiga marufuku kwa kuharibu grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo.

Meno yakilika yabadilishe, na dukani nenda na moja la zamani, kwa sababu nyuzi za skrubu hutofautiana. Katikati ya raundi ng'oa tope na nyasi zilizonasa. Meno yakizibwa ni sawa na kutokuwa nayo.

Halafu saizi: mguu ukicheza ndani ya kiatu, soli yoyote haikusaidii.