Sindano za mzio kwa mwenye pumu na presha

SWALI: Assalamu alaykum Daktari. Mama yetu, mwenye umri wa miaka 58, anasumbuliwa muda mrefu na mafua na chafya zisizokwisha, na alipopimwa alionekana ana mzio wa utitiri wa vumbi. Pia ana pumu na kisukari, na anatumia atenololi kwa ajili ya presha. Kaka yangu aliyeko Maskati anataka mama aanzishiwe huko sindano za kuuzoesha mwili, kisha arudi na chupa zake ili achomwe nyumbani na jirani yetu ambaye ni muuguzi. Je, kuna usalama?
Binti, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, binti yangu. Tiba hii ni ya siku nyingi, kwani Leonard Noon aliitangaza mjini London mwaka 1911. Mgonjwa hutiwa mwilini kile kile kinachomdhuru, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa taratibu, kwa kawaida kila wiki kwa miezi kadhaa na baadaye kila mwezi, mpaka itimie miaka 3 hadi 5. Hatari yake kubwa ni mshituko wa mzio, ambapo pumzi hubana na presha hushuka ghafla. Hutokea kwa nadra, ila ukitokea hausubiri mtu atafute gari.

Kwa mama yako, jambo la kwanza kuangaliwa ni pumu. Wengi waliowahi kufariki kutokana na sindano hizi walikuwa na pumu isiyodhibitiwa, na ndiyo sababu daktari makini hupima nguvu ya pumzi kabla ya kuanza, na akiikuta chini ya asilimia 70 ya kiwango kinachotarajiwa, huahirisha tiba. Ikiwa mama huamka usiku akikohoa, au pampu yake ya kufungua pumzi haimtoki mkononi, basi itibiwe pumu kwanza.

Jambo la pili ni hiyo atenololi. Mshituko wa mzio hutibiwa kwa adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja, na dawa za kundi la beta bloka, ambamo atenololi na propranololi zimo, huizuia adrenalini isifanye kazi yake sawasawa. Kwa hiyo presha yenyewe, ikiwa imetulia, si kikwazo kikubwa kama kidonge kinachoitibu. Mara nyingi daktari anaweza kumbadilishia, lakini namsihi mama asiache kidonge hicho kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu kukikatisha ghafla kunaweza kuuathiri moyo. Kisukari kinachodhibitiwa hakimzuii. Wanaozuiwa zaidi ni wenye saratani inayoendelea, wenye ugonjwa mkali wa moyo, na wale ambao kinga yao imeugeukia mwili wenyewe na ugonjwa haujatulia. Mjamzito haanzishiwi, ingawa aliyekwisha kuizoea tiba kabla ya mimba huweza kuendelea kwa kipimo kile kile.

Ama kuchomwa nyumbani, hapana, hata jirani awe hodari namna gani. Kila baada ya sindano mgonjwa hukaa kituoni dakika 30 chini ya uangalizi, penye adrenalini, oksijeni na mtu anayejua kuvitumia. Isitoshe, chupa hizo zinatakiwa zikae kwenye friji, na akikosa wiki kadhaa, kipimo hurudishwa chini. Kwa hiyo kabla ya kaka yako kukata tiketi, ulizeni ni kituo gani mama atakachoweza kukifikia kwa miaka yote hiyo. Viko pia vidonge vya kuweka chini ya ulimi kwa mzio wa utitiri, ambavyo kimoja cha mwanzo hutumiwa mbele ya daktari na vingine nyumbani. Hivyo huleta mshituko kwa nadra zaidi, lakini sharti la pumu kudhibitiwa liko pale pale.

Siku ya kumwona daktari, mama achukue dawa zake zote, pamoja na matone ya macho kama anayo, kwani timololi ya presha ya macho nayo ni beta bloka na watu husahau kuitaja.