Paka amevunjika paja, pesa ya vyuma haitoshi: kuna njia nyingine?

SWALI: Shikamoo daktari. Paka wangu Chausiku, jike wa miaka mitatu, kilo 3 na nusu, aligongwa na bodaboda juzi jioni hapa Temeke. Eksirei inaonyesha fupa la paja la kushoto limekatika katikati, ngozi haijachanika. Kumwekea bamba na skurubu nimeambiwa ni shilingi 850,000, nami nimekusanya 300,000 tu. Jirani anasema tumfunge hogo na nimpe nusu panadol kwa maumivu. Nifanyeje? Sitaki kumpoteza.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Nianze na panadol: usimpe, hata robo. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuiondoa dawa hiyo mwilini. Nusu kidonge ni miligramu 250. Kwa paka wa kilo 3 na nusu ni zaidi ya miligramu 70 kwa kila kilo, na kiwango hicho kinaweza kumuua. Damu inageuka kahawia na kushindwa kubeba oksijeni: fizi zinakuwa rangi ya tope, uso na nyayo zinavimba, anahema. Kama ameshapewa, mkimbize kliniki sasa hivi. Diclofenac na ibuprofen nazo ni sumu kwake. Muulize daktari wake kuhusu dawa za maumivu zinazomfaa paka: buprenorphine, au meloxicam kwa kipimo cha paka iwapo anakula na hajaishiwa maji mwilini.

Hogo, yaani plasta ngumu, nalo halifai kwa paja. Plasta hutuliza mfupa pale tu inapofunga kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Juu ya paja ni nyonga, na nyonga ya paka haifungiki. Plasta itateleza, ukingo wake wa juu utaishia palepale penye mvunjiko, na kila anapojikokota uzito utavuta mfupa kama timazi. Ingekuwa ni chini ya goti, jirani angekuwa na hoja.

Muda unao kidogo. Kwa kuwa mfupa haukutoboa ngozi, operesheni inaweza kusubiri siku chache, na aliyegongwa hapaswi kulazwa mezani kabla kifua na kibofu havijakaguliwa. Je, amekojoa tangu juzi? Kama bado, mpeleke leo. Usivuke wiki moja, maana misuli husinyaa, vipande hupandana, na kazi inakuwa ngumu na ghali zaidi.

Kabla ya kulipia chuma chochote, omba kipimo cha fahamu za mguu. Daktari anabana kidole cha mguu kwa koleo. Paka akivuta mguu tu, hiyo haitoshi. Anatakiwa ageuke, alie au atake kuuma. Asipohisi kabisa, bamba litaunga mfupa wa mguu uliokufa ganzi.

Sasa muulize swali hili: mfupa umekatika mshazari (kiulalo), kwa kuvuka (kukingama upana wake), au umesambaratika vipande vingi? Ukiwa mshazari mrefu, angalau mara mbili ya upana wa mfupa, pini moja ndani ya uboho pamoja na waya mbili au tatu za kuzungushia inaweza kutosha, na kwa kawaida ni nafuu kuliko bamba. Ukiwa umekatika kwa kuvuka, pini peke yake haizuii mfupa kujizungusha, kwa hiyo huongezwa vyuma vya nje, vile watu wanavyoviita antena. Uliosambaratika kwa kawaida hutaka bamba, au kukatwa mguu.

Kukatwa mguu kunawatisha wenye paka kuliko paka wenyewe. Ni operesheni moja, haina vyuma wala eksirei za kurudia, nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na paka mwepesi kama Chausiku hujifunza kutembea kwa miguu mitatu haraka sana. Ikiwa fedha zinatosha kwa hili tu, si kumdhulumu. Kumwacha na paja linalosagana ndiko kumtesa.

Omba pia mchanganuo wa zile 850,000: vyuma, dawa ya usingizi, siku za kulazwa, dawa, eksirei za baadaye. Siku za kulazwa mara nyingi hupunguzika ukimuuguza nyumbani, na wapo wanaokubali malipo kwa awamu ukiwaeleza mapema. Dripu, dawa ya maumivu na mtu wa kumwangalia akiwa usingizini, hivyo usivipunguze. Chukua nakala ya eksirei kwenye simu, pande zote mbili, uombe maoni ya pili. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kina hospitali ya wanyama.

Kwa sasa mweke kwenye boksi pana, pamoja na sanduku la mchanga la kujisaidia lenye ukingo mfupi, asiruke. Hakikisha anakula: dagaa waliochemshwa bila chumvi, vuguvugu, wanukie. Paka asiyekula siku mbili au tatu huanza kujaa mafuta kwenye ini.

Akiwekewa pini, atakaa kizuizini wiki 6 hadi 8, kisha eksirei. Papasa juu ya nyonga kila siku: ncha ikianza kusukuma ngozi, au majimaji yakitoka hapo, pini inatembea. Mrudishe siku hiyohiyo.