Mto ulipovunjika Aprili

Mdogo wangu, unasema huko Tanga wanajua kwamba huku Alaska, Marekani, serikali inamgawia kila mtu pesa ya mafuta, kwa hiyo nikituma kidogo nawabania. Pesa hiyo ipo. Mwaka 2019 ilikuwa dola 1,606, mara moja kwa mwaka, tena uwe umeshakaa mwaka kamili na karatasi zako zimenyooka. Kwangu iliishia yote kwenye mafuta ya kupashia nyumba joto.

Sasa nikwambie nisilowahi kumwambia Mama. Bethel, mji ninaokaa, haina barabara ya kutoka mjini. Kuna ndege, na kuna Mto Kuskokwim. Kiangazi watu wanapita kwa boti. Mto ukishaganda, barabara ni huo huo mto, magari yanapita juu ya barafu. Mimi ni dereva teksi, na hela ya maana ni safari za vijiji vya mtoni, Napaskiak na Kwethluk. Dawa za Mama zinatoka juu ya maji.

Barafu ya hapa ilizoeleka kuvunjika Mei. Mwaka ule wa 2019 Machi ilikuja na joto, maji yakawa yanatembea juu ya barafu. Siku moja nimebeba mzee wa Kiyupik, wenyeji wa asili wa huku, akaniambia simama. Akashuka, akagonga barafu kwa fimbo, akasikiliza, akasema turudi. Nilibishana naye, mdogo wangu. Nilikuwa nahesabu nauli. Tukarudi, na siku chache baadaye pale pale palikuwa shimo la maji meusi. Aprili 12 mto ukavunjika, mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa hapa. Kazi ya barafuni ikaisha wiki kadhaa kabla ya wakati wake.

Ndiyo maana Mei ile simu ya Mama haikuingia kitu, nanyi mkasema nimeoa Mzungu nimewasahau. Neno hilo bado ninalo kifuani.

Usije. Soma umalize chuo. Na kama ni lazima uje, karatasi kwanza, wala usikope nauli kwa mtu, nitajinyima nikulipie. Uje Juni, usije wakati mto umeganda ukaanza kuuamini. Lakini kweli, usije, nani atabaki na Mama?

Hela yake nimetuma jana. Habari za barafu usimwambie.